Jina Moja la Mafuta, Tabia Mbili: Breki za Gari katika Milima ya Uluguru

Msafiri atokaye Morogoro kwa barabara ya Iringa, akifika Sangasanga karibu na Mzumbe na kukata kushoto, huingia katika barabara iendayo Mlali, na kutoka hapo huanza kuipanda Milima ya Uluguru kuelekea tarafa ya Mgeta. Huko juu, katika vijiji kama Langali na Nyandira, ndiko zitokako kabichi, karoti, viazi na njegere zinazouzwa katika masoko ya Morogoro na Dar es Salaam. Barabara ni ya kona nyingi. Upande mmoja pana ukingo wa mlima, na upande wa pili pana bonde. Gari hupanda likiwa na bidhaa chache za dukani, na hushuka likiwa limesheheni matenga, na mara nyingi juu ya matenga hayo wameketi watu.

Wakati wa kupanda, mlima hauulizi habari za breki. Dereva akipunguza mwendo wa injini, gari hupunguza mwendo lenyewe. Swali la breki huulizwa wakati wa kushuka, na wakati huo hakuna nafasi ya kujiandaa kulijibu. Makala haya yanaeleza kosa moja dogo ambalo hufanywa tambarare na kulipiwa mlimani: kosa la kutia katika mfumo wa breki kimiminika kisicho chake.

Kosa la jioni

Hebu msomaji amfikirie dereva mmoja wa pikapu. Jioni, kabla ya safari, anafungua boneti na kuona kwamba kikopo cha mafuta ya breki kimepungua. Gerejini pana chupa ya soda iliyotiwa kitu cha rangi ya asali. Anauliza, "Haya ni mafuta?" Anajibiwa kwamba ni mafuta, naye anajaza kikopo. Kwa kweli ile ni oili ya injini.

Anakanyaga pedeli mara mbili tatu. Breki zinashika vizuri kabisa. Asubuhi anapanda Mgeta bila taabu, analala huko, na alfajiri ya siku ya tatu anaanza kushuka na mzigo. Hapo anaona ajabu: pedeli imekuwa ngumu, na gari linaonekana kuzuiwa hata asipokanyaga. Magurudumu yanatoa harufu ya kuungua. Baada ya kona chache zaidi pedeli, iliyokuwa ngumu, inalegea na kuzama hadi sakafuni.

Huu ni mfano tu, lakini kila hatua yake ina sababu ijulikanayo na sayansi. Kwa nini breki zilifanya kazi vizuri jioni ile? Kwa nini zilikataa siku ya tatu? Na kwa nini zilianza kwa kukaza kabla ya kulegea? Ili kuyajibu maswali haya, hatuna budi kuanza na fizikia na kumalizia na kemia.

Mguu mmoja na magurudumu manne

Mfaransa Blaise Pascal, aliyeishi kati ya mwaka 1623 na 1662, alieleza kwamba kimiminika kilichofungiwa kikisukumwa mahali pamoja, kanieneo hiyo huenea sawasawa katika sehemu zake zote. Kanieneo maana yake ni kani iliyogawanywa kwa eneo linalosukumwa. Mwaka 1795 Mwingereza Joseph Bramah aliitumia kanuni hiyo kutengeneza mtambo wa kukamulia na kugandamiza vitu. Mwaka 1921 gari la Duesenberg lilitokea Marekani likiwa na breki za namna hiyo katika magurudumu yote manne.

Tuchukue hesabu nyepesi. Mguu unakanyaga pedeli kwa kani ya nyutoni 300. Pedeli ni wenzo, na tuseme unazidisha kani mara 5. Basi pistoni ya silinda kuu, ambayo mafundi huiita masta silinda, inasukumwa kwa nyutoni 1,500. Ikiwa uso wa pistoni hiyo ni sentimita 3 za mraba, kanieneo inakuwa nyutoni 500 kwa kila sentimita ya mraba, yaani karibu mara 50 ya kanieneo ya hewa inayotuzunguka. Kanieneo hiyo husafiri katika vibomba hadi kwenye magurudumu. Ikiwa pistoni ya gurudumu ina uso wa sentimita 20 za mraba, kani inayobana breki inakuwa nyutoni 10,000. Mguu mmoja umepata nguvu za watu wengi.

Kanuni ya Pascal haiulizi ni kimiminika gani. Oili ya injini, maji, hata maziwa, vyote hupitisha kanieneo, maana vimiminika havikubali kugandamizwa kwa urahisi. Ndiyo sababu breki za dereva wetu zilishika vizuri jioni ile. Jaribio alilolifanya lilikuwa la fizikia, na fizikia haikuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa mahali pengine, nayo ilihitaji muda ili ijitokeze.

Jina linalopotosha

Katika Kiswahili neno "mafuta" hubeba mizigo mingi. Tunayo mafuta ya kupikia, mafuta ya taa, mafuta ya kujipaka, mafuta ya gari, na mafuta ya breki. Kwa matumizi ya kila siku hakuna ubaya. Lakini kwa mwanakemia, kile tukiitacho mafuta ya breki si mafuta hata kidogo. Katika magari mengi ni mchanganyiko wa etha za glaikoli, vitu vilivyo karibu zaidi na jamii ya alikoholi kuliko jamii ya petroli.

Tofauti iko katika molekuli. Molekuli za oili ya injini, dizeli, petroli na mafuta ya taa zimejengwa kwa kaboni na haidrojeni, na chaji zake za umeme zimetawanyika karibu sawasawa. Molekuli za etha za glaikoli zina oksijeni pia. Kwa hiyo upande mmoja huwa na chaji hasi kidogo na upande mwingine chaji chanya kidogo, kama zilivyo molekuli za maji. Vitu vinavyofanana huyeyukiana; visivyofanana hukataana. Ndiyo maana mafuta ya breki huchanganyika na maji, na oili ya injini huelea juu yake.

Zamani jina hilo lilikuwa na ukweli zaidi. Mafuta ya breki ya kwanza yalichanganywa kwa alikoholi na mafuta ya mbarika, ule mmea ambao wengi huuita nyonyo. Mafuta ya mbarika si kama mafuta mengine ya mimea: molekuli zake zina kikundi cha oksijeni na haidrojeni kinachoyafanya yakubaliane na alikoholi na yasiuharibu mpira wa asili. Lakini alikoholi huchemka mapema, na magari yalipozidi uzito na mwendo, mchanganyiko huo uliachwa. Jina likabaki ingawa kitu chenyewe kilikuwa kimebadilika.

Mpira unapokunywa

Ndani ya silinda kuu na ndani ya magurudumu mna vikombe na pete za mpira. Kazi yake ni kuzuia kimiminika kisivuje pembeni mwa pistoni. Mpira huo huchaguliwa ili uwe rafiki wa etha za glaikoli, yaani usinyonywe nazo wala usizinyonye. Lakini molekuli za mpira wenyewe ni minyororo mirefu ya kaboni na haidrojeni. Kwa umbile ni ndugu wa oili ya injini.

Oili ikiugusa mpira huo, haibaki juu. Molekuli za oili hupenya kati ya minyororo na kuitenganisha. Mpira haukuyeyuka kabisa kwa sababu minyororo yake ilifungwa pamoja kiwandani. Lakini huvimba, hulainika na kupoteza nguvu. Kupenya huko huchukua saa, pengine siku, na joto huongeza kasi yake. Hiyo ndiyo siri ya siku ya tatu.

Sasa tunaweza kueleza kwa nini breki zilianza kwa kukaza. Katika silinda kuu mna tundu dogo linaloruhusu kimiminika kurudi katika kikopo dereva anapoondoa mguu. Kikombe cha mpira kikivimba, hulifunika tundu hilo. Kimiminika kinabaki kimefungiwa na kanieneo yake, na breki zinaendelea kushika ingawa hakuna anayekanyaga. Kushika huko huzaa joto. Joto hukitanua kimiminika. Kutanuka huongeza kushika. Baadaye midomo ya vikombe iliyolainika hukatika, kimiminika huvuja, na pedeli huzama.

Magari mengi ya leo yana njia mbili za breki zilizotenganishwa, ili moja ikiharibika nyingine ibaki. Huo ni ulinzi mzuri dhidi ya bomba lililotoboka. Lakini kwa kawaida njia zote mbili hunywa katika kikopo kimoja. Kilichotiwa kikoponi huzifikia zote, na mipira yote huanza kuugua kwa wakati mmoja. Ulinzi wa mara mbili haufai kitu ikiwa sumu imetiwa kisimani.

Hesabu ya mteremko

Ubaya wa kosa hili huzidi mlimani kwa sababu ya joto. Tofauti ya kimo kati ya vijiji vya juu vya Mgeta na mji wa Morogoro ni kadiri ya mita 1,000. Gari lenye mzigo la kilo 2,500 likishuka mita 1,000 hupoteza nishati ya kimo ya jouli milioni 25 hivi. Nishati haipotei; hubadilika. Isipozuiwa na injini na upinzani wa hewa, yote hugeuka joto katika breki. Nishati hiyo ingetosha kuchukua zaidi ya lita 9 za maji ya kawaida na kuyageuza yote kuwa mvuke.

Kwa hiyo mafuta ya breki hupimwa kwa kiwango chake cha kuchemka. Kwa viwango vya Marekani vinavyoandikwa kwenye makopo kwa herufi DOT, aina ya DOT 3 ikiwa mpya isichemke chini ya nyuzi 205 za sentigredi, na DOT 4 isichemke chini ya nyuzi 230. Lakini etha za glaikoli hunyonya unyevu wa hewa, na kila tone la maji hushusha kiwango hicho. Yakiisha kunyonya maji kiasi cha asilimia 3.7, DOT 3 hutakiwa kustahimili nyuzi 140 tu, na DOT 4 nyuzi 155. Ndiyo sababu hushauriwa kuyabadili baada ya miaka miwili hivi, na ndiyo sababu kopo lililoachwa wazi msimu mzima wa masika halifai tena.

Hapo msomaji ataona pia ubaya wa desturi nyingine, ile ya kuongeza maji wakati wa shida. Maji hayavimbishi mpira, lakini hutia kutu, na kwenye kimo cha mita 1,500 huchemka karibu na nyuzi 95. Yakichemka huzaa mapovu, na mapovu, tofauti na kimiminika, hugandamizika. Kwa kanuni ya Boyle, povu la hewa la sentimita 5 za ujazo likikutana na kanieneo mara 50 husinyaa hadi kadiri ya sehemu moja ya kumi ya sentimita ya ujazo. Safari yote ya pedeli humalizika katika kuligandamiza povu, na gurudumu halipati kitu.

Kosa lililogeuzwa

Isidhaniwe kwamba oili ya petroli ni mbaya kwa asili yake. Kampuni ya Ufaransa ya Citroën iliunda gari la DS mwaka 1955, ambalo chasisi yake iliinuliwa na kushushwa kwa nguvu ya kimiminika. Mwanzoni lilitumia kimiminika chekundu, kilichokuwa kikinyonya maji na kutia kutu. Kuanzia mwaka 1966 kiwanda kilianza kuhamia oili ya madini ya rangi ya kijani, na pamoja nayo kikabadili mipira yote ili iwe ya aina isiyonyonya oili. Katika mfumo wa kijani, mafuta ya breki ya kawaida ndiyo mharibifu. Vivyo hivyo, pawa stelingi za magari mengi hutumia oili, nazo huharibiwa na mafuta ya breki.

Basi hakuna kimiminika kibaya na kizuri peke yake. Kuna ndoa kati ya kimiminika na mpira wake, na anayetaka kujua ndoa hiyo ilifungwa na nani husoma maandishi kwenye kifuniko cha kikopo au katika kitabu cha gari. Rangi si ushahidi, na chupa ya soda haina maandishi yanayostahili kuaminiwa.

La kufanya kosa likigunduliwa

Kwanza, gari lisiendeshwe, na pedeli isikanyagwe. Kama kosa limegunduliwa papo hapo, kabla pedeli haijaguswa, huenda oili ingali ndani ya kikopo tu. Fundi aweza kuinyonya yote kwa bomba la sindano, kukitoa kikopo, kukisafisha kwa spiriti na kukikausha, kubadili mpira wa kifuniko, kisha kupitisha mafuta mapya ya breki katika vibomba vyote hadi yatoke safi.

Kama pedeli imekanyagwa au gari limetembea, kumwaga na kujaza upya hakutoshi. Mama aliyeloweka maharage usiku kucha, akimwaga maji asubuhi, maharage hayarudi kuwa makavu. Vivyo hivyo oili iliyokwisha kuingia katika mpira haitoki kwa kumwaga iliyobaki nje. Vikombe na pete zote, mipira mirefu ipelekayo kimiminika magurudumuni, na sehemu nyingine zote zenye mpira hazina budi kubadilishwa, na vibomba vya chuma visafishwe kwa spiriti. Katika magari yenye mtambo wa ABS gharama huwa kubwa zaidi, maana mtambo huo nao una mipira ndani.

Hapa fundi aangalie jambo moja. Desturi ya kuosha vipuri vya breki kwa petroli, dizeli au mafuta ya taa ni kulirudia kosa lile lile kwa mkono wa pili. Vipuri hivyo vioshwe kwa spiriti au kwa mafuta mapya ya breki.

Zipo dalili mbili za kutambua kosa lililojificha. Mpira ulio chini ya kifuniko cha kikopo ndio ulio rahisi kuonekana. Ukivimba na kukataa kurudi mahali pake, yafaa kushuku. Pia matone machache ya kimiminika cha kikopo yakitiwa katika glasi ya maji na kukorogwa, mafuta ya breki ya kawaida hupotea ndani ya maji. Yakibaki macho ya oili juu, ushahidi umepatikana. Msomaji akumbuke tu kwamba DOT 5, ambayo ni ya silikoni, nayo haichanganyiki na maji.

Na kama hatari imemkuta dereva tayari mteremkoni? Aingize gia ndogo ili injini ibebe sehemu ya nishati, kisha aivute breki ya mkono polepole. Katika magari mengi breki hiyo huvutwa kwa waya, haitegemei kimiminika.

Jaribio la darasani

Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili bila gari. Vikatwe vipande vitatu sawa vya mpira, kila kimoja cha urefu wa milimita 50, kutoka katika tyubu moja ya baiskeli. Kimoja kitiwe katika chupa ya mafuta ya taa, cha pili katika oili ya injini, cha tatu katika mafuta mapya ya breki, na chupa zifunikwe. Wanafunzi wapime urefu kila siku kwa muda wa wiki moja na kuchora grafu. Kipande cha mafuta ya taa kitatangulia kuvimba, cha oili kitafuata polepole, na cha mafuta ya breki hakitabadilika sana.

Kisha lifuate swali la hisabati. Kipande kilichokua kutoka milimita 50 hadi 60, ikiwa kimekua vivyo hivyo pande zote, ujazo wake umeongezeka mara ngapi? Mara 1.2 kwa 1.2 kwa 1.2, yaani karibu mara 1.7. Mwanafunzi akilipata jibu hilo ataelewa kwa nini tundu dogo la silinda kuu hufunikwa. Mafuta ya breki ni sumu na hubabua rangi. Yasiguswe kwa mikono mitupu, yasikaribie macho wala mdomo, na mafuta ya taa yawe mbali na moto.

Mwisho wa jaribio, vipande vitatu viwekwe mezani pamoja. Vimekatwa katika tyubu moja, vikakaa katika vimiminika vitatu ambavyo Kiswahili cha kila siku chaviita vyote mafuta, na sasa havilingani tena. Atakayeviona, siku akisimama mbele ya boneti iliyo wazi na chupa mkononi, hatauliza, "Haya ni mafuta?" Atauliza, "Haya ni mafuta ya nini?" Kwa watu walioketi juu ya matenga, wakishuka kutoka Nyandira alfajiri, tofauti ya maswali hayo mawili ni tofauti ya kufika na kutofika.